Volti na ampea unazo, omu na wati utazipataje? Mwongozo kamili wa kupima na kupiga hesabu bila kutoka na majibu ya ajabu

Kugawanya volti kwa ampea kalkuleta ya simu inakufanyia, hapo hakuna anayeshindwa. Lakini vijana wanaojifunza stima hapa Mombasa, na wenye nyumba wanaotaka kujua birika au feni inakula kiasi gani, wanazidi kutoka na majibu yasiyoingia akilini, mara rezista (kile kipande kidogo cha kuzuia stima) ina nusu omu, mara balbu ya indiketa ya tuktuk inakula wati 250, mara soketi nzima inaonekana haina shida yoyote na huku plagi imeanza kuyeyuka. Hesabu yenyewe iko sawa. Namba walizoingiza ndo mbovu.

Volti zimepimwa kwenye betri kitu kikiwa kimezimwa, ampea zimesomwa kwenye kibandiko, omu zimepimwa na kitu kikiwa baridi, halafu zote zinatiwa kwenye fomula moja. Haziwezi kukubaliana hata siku moja, manake si za kitu kimoja wakati mmoja. Ukishika hilo peke yake, kwamba volti na ampea ziwe za kitu kilekile na zipimwe kikiwa kinafanya kazi, nusu ya makosa yanaisha. Mengine tuyafuate hatua kwa hatua.

## Vitu vya kuwa navyo

- Multimita. Zile ndogo za bei nafuu zinatosha, ila jua kwamba nyingi zao hupima ampea za DC tu, yani za betri na sola. Ampea za stima ya ukutani hazipimi hata ukizungusha swichi yake vipi.
- Klampu mita ya AC, yani ya stima ya ukutani, ile yenye mdomo unaofunguka ukashika waya.
- Mita ya plagi, unaichomeka kwenye soketi halafu kifaa unakichomeka juu yake. Kama we si fundi basi tumia hii kwa stima ya ukutani, hiyo klampu waachie wenyewe.
- Betri ya volti 12 iliyojaa chaji, ya pikipiki au ya tuktuk.
- Balbu ya indiketa ya volti 12 wati 21, ile ya zamani yenye uzi ndani, si ya LED, na holda yake.
- Fyuzi ya ampea 5 na holda yake, na vipande vitatu vya waya.
- Daftari. Ukiandika namba kichwani utazichanganya, mwandiko mbaya si neno.

Mikono iwe mikavu na viatu vya raba miguuni. Msimu wa kaskazi mtu anatoka jasho mpaka vidoleni, jipanguse kwanza.

## Hatua ya 1: Jua fomula mbili, zile nyingine zisubiri

Omu = volti ÷ ampea, yani R = V ÷ I.

Wati = volti × ampea, yani P = V × I.

Ukitaka picha ya haraka fikiria geti la feri pale Likoni saa kumi na moja jioni. Watu wanavosukuma kutoka nyuma ndo volti, wanaopita getini kila sekunde ndo ampea, na wembamba wa geti ndo ukinzani, unaopimwa kwa omu. Msukumo ukiwa uleule na geti likabanwa, wanaopita wanapungua.

Kuna P = I × I × R na P = V × V ÷ R pia, na ni za kweli kabisa, lakini anayeanza akizikimbilia ndo anapotea, kwa sababu zinahitaji uwe tayari una omu za uhakika na bado huna.

## Hatua ya 2: Geuza vizio kabla ya kugusa kalkuleta

Mita ikikuonyesha 20 na swichi iko kwenye "200m" hizo si ampea 20, ni miliampea 20. Gawa kwa 1000, unapata ampea 0.02. Ndo utie kwenye fomula.

Mfano, rezista iko kwenye betri ya volti 9 na inapitisha miliampea 20. Aliyegeuza anapata 9 ÷ 0.02 = omu 450, na wati 9 × 0.02 = 0.18. Ambaye hakugeuza anapata omu 0.45 na wati 180. Rezista ndogo kama punje ya mchele, wati 180! Ingekuwa majivu saa hii. Kwa hiyo jibu lako liangalie kwa macho pia, rezista ndogo ambayo unaweza kuishika mkononi bila kuungua haiwezi kuwa inakula wati mia.

Upande wa pili ni kilo. Kilowati 2 ni wati 2000, kilo-omu 4.7 ni omu 4700.

## Hatua ya 3: Jifunzie kwenye betri, stima ya ukutani baadaye

Volti 12 haitakuua, ndo maana tunaanzia hapa, lakini betri ikipigwa shoti inatoa cheche na waya unawaka, hivyo ile fyuzi ya ampea 5 itie kabla ya kitu kingine chochote, karibu na chanya ya betri.

Panga hivi: chanya ya betri, fyuzi, kisha multimita, kisha balbu, kisha unarudi hasi ya betri. Mita imekaa katikati ya njia na ampea zote zinapita ndani yake. Waya mweusi wa mita tundu la COM, mwekundu tundu la 10A, na swichi kwenye 10A ya DC. Balbu inafaa iwake kama kawaida. Isipowaka kuna mahali hapajaungana au fyuzi ya ndani ya mita, kama inayo, imekufa.

Soma ampea, andika. Tuseme umepata 1.77.

Sasa toa mita pale katikati, unganisha waya moja kwa moja ili balbu iendelee kuwaka, hamisha waya mwekundu wa mita kutoka tundu la 10A uurudishe kwenye tundu la volti, swichi kwenye 20V ya DC, kisha gusa ncha mbili za balbu yenyewe huku inawaka. Tuseme umepata 12.3.

Omu: 12.3 ÷ 1.77 = 6.95. Wati: 12.3 × 1.77 = 21.8. Balbu imeandikwa 21, umepata karibu 22, umefaulu.

Kwa nini tugusie ncha za balbu na si za betri? Kwa sababu betri iliyotulia inaweza kukuonyesha 12.7, ukiwasha mzigo inashuka, na waya na fyuzi navyo vinakula kidogo njiani. Balbu inajua zile zilizomfikia tu.

Chunga sana hapa. Waya mwekundu ukisahaulika kwenye tundu la 10A halafu ukaenda kupima volti za soketi, umepiga shoti kupitia mita. Ndani ya lile tundu kuna kipande cha chuma tu cha kupitisha ampea, hakuna cha kuzuia. Mita nyingi za bei nafuu tundu hilo halina hata fyuzi, soma pembeni yake imeandikwa. Inaweza kukupasukia mkononi. Kila ukimaliza kupima ampea, waya mwekundu unarudi kwenye tundu la volti hata kama unaenda kunywa chai tu.

## Hatua ya 4: Mtego wa omu za baridi

Hatua hii usiiruke, hapa ndo watu huamua mita yao ni mbovu wakaitupa.

Chomoa balbu, iache ipoe, weka mita kwenye omu 200. Kwanza gusisha ncha za mita zenyewe kwa zenyewe, itaonyesha kitu kama 0.3 au 0.5, huo ni ukinzani wa waya za mita na lazima uutoe kwenye jibu. Sasa pima balbu. Badala ya omu 7 hivi ulizokokotoa utaona haifiki hata omu moja, tuseme 0.6 baada ya kutoa.

Mita ni nzima na hesabu yako ni nzima. Uzi wa balbu ni wa tangsteni, na ukiwaka unafika zaidi ya nyuzijoto 2000, joto hilo linapandisha ukinzani wake zaidi ya mara kumi. Ulipopima na volti na ampea ulipata omu za balbu inayowaka, sasa umepata za balbu iliyolala. Ukichukua hiyo 0.6 ukaitia kwenye V × V ÷ R unapata 12.3 × 12.3 ÷ 0.6 = wati 252, na hapo ndo zile wati 250 za indiketa zinatokea. Na ndo sababu balbu za uzi hupenda kufa pale unapobonyeza swichi, ule mshtuko wa kwanza ni mkubwa kweli, kwa sehemu ndogo sana ya sekunde.

Koili ya birika au ya pasi haina ujanja huo, waya wake umetengenezwa na nikromu ambayo ukinzani wake hubadilika asilimia chache tu ikipata moto. Kwa hiyo birika ukilipima likiwa baridi, limechomolewa, jibu litakaribiana na la hesabu. Feni na friji ni habari nyingine, tutafika.

Omu hazipimwi stima ikiwa ndani, hata ya betri. Mita hutumia betri yake ndogo kupima, ukiichanganya na stima ya nje unapata uongo au unaiua.

## Hatua ya 5: Birika la stima, na hapa pana mengi

Hapa kwetu Kenya soketi inatakiwa iwe na volti 240 na hertzi 50, na kila mtu anaandika 240 kwenye hesabu bila kupima. Jioni mtaa mzima ukiwasha vitu unaweza kukuta pungufu. Pima.

Kwa mwenye nyumba: chomeka mita ya plagi, chomeka birika lenye maji juu yake, na soma volti birika likiwa bado limezimwa, kisha washa usome volti na ampea baada ya sekunde kama 10. Usichokoe tundu la erthi na bisibisi ili kufungua soketi uingize ncha za multimita, tabia hiyo imezoeleka na ni mbaya.

Kwa fundi mwenye klampu: tengeneza ekstensheni fupi ambayo ganda la nje limefunguliwa urefu wa kiganja, waya za ndani zikiwa na plastiki yake kamili isiyo na mkwaruzo. Klampu ishike waya mmoja tu, wa kahawia, kwenye nyaya za zamani ni mwekundu. Ukishika kebo nzima itasoma sufuri, kwa sababu stima inayokwenda kwa laivu na inayorudi kwa nyutro zinafutana. Kitu kinachokula kidogo, zungusha waya huo mara tano ndani ya mdomo wa klampu halafu gawa jibu kwa 5.

Tuseme birika limeandikwa wati 2000 kwa 240V, na umesoma hivi:

Kabla ya kuwasha: volti 236. Likiwa linachemsha: volti 231, ampea 7.95.

Omu: 231 ÷ 7.95 = 29.1. Wati: 231 × 7.95 = 1836.

Kibandiko kinasema 2000, je birika ni feki? Angalia omu kwanza. Wati 2000 kwa volti 240 ni ampea 8.33, na 240 ÷ 8.33 ni omu 28.8. Umepima 29.1. Koili ni nzima kabisa, volti ndo hazijafika. Sasa ile P = V × V ÷ R unaweza kuitumia, omu unazijua. Volti zikishuka mpaka 200, 200 × 200 ÷ 28.8 = wati 1389. Volti zimepungua asilimia 17 na wati zimepungua asilimia 31, ndo maana jioni nyingine chai inachelewa vile na watu wanalaumu birika.

### Zile volti 5 zilikwenda wapi?

Kutoka 236 hadi 231. Hizi watu huzipuuza, mimi naona ndo namba muhimu kuliko zote, manake zinakuonyesha moto unaotengenezwa njiani. Volti 5 × ampea 7.95 = karibu wati 40, zinapotea kati ya laini ya nje na soketi yako.

Hapa ndo ile kanuni ya kitu kimoja inalipa. Ukitaka wati za waya tumia volti zilizopotea kwenye waya, zile 5. Ukitia 231 kwenye omu za waya utapata maelfu ya wati ambazo hazipo.

Sehemu ya upotevu ni halali. Waya wa shaba wa milimita 2.5 ule wa soketi una karibu omu 0.0074 kwa kila mita moja. Soketi ikiwa mita 15 kutoka meni swichi, stima inakwenda na kurudi, ni mita 30, yani omu 0.22. Mara ampea 7.95 unapata volti 1.8. Fundi mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka ya nishati na mafuta ya Kenya, akipima pale kwenye meni swichi birika likiwashwa na akakuta imeshuka volti 1 tu, basi ndani ya nyumba zimepotea 4. Waya unaeleza 2 hivi. Zilizobaki 2, mara karibu ampea 8, ni wati 16, na hizo zote zinaweza kuwa zimekaa kwenye skrubu moja iliyolegea nyuma ya soketi.

Wati 16 ndani ya kibonge cha plastiki kisicho na hewa ni joto la kutosha kuifanya plagi iwe kahawia. Na sisi tulio pwani tuna adui wa ziada, hewa ya chumvi. Fungua soketi ya nyumba iliyo karibu na bahari, Mji wa Kale au Nyali, uone ile kutu ya kijani kwenye shaba, na kila kutu ni ukinzani. Volti zinapanda na kushuka zenyewe pia, kwa hiyo rudia kipimo mara tatu, washa zima washa zima, kabla hujamuita mtu kubomoa ukuta.

Umefaulu ikiwa: omu za birika zinakaribiana na za kibandiko, asilimia 10 huku au huku, na plagi baada ya kuchemsha haichomi ukiishika.

## Hatua ya 6: Feni, friji na taa za LED

Hapa V × I haitoshi, na hakuna namna ya kuifanya itoshe. Feni ikisoma volti 240 na ampea 0.3 unapata 72, lakini hizo zinaitwa volti-ampea. Kwenye mota, ampea huchelewa nyuma ya volti, na sehemu ya stima inakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Kibandiko kinaweza kusema wati 55 na kikawa kweli, 55 ÷ 72 = 0.76, hiyo ndo pawa fakta yake.

Vilevile 240 ÷ 0.3 = 800, lakini hizo omu 800 si za waya ulioviringwa ndani ya mota. Ukiipima imechomolewa utapata ndogo zaidi, na ukiandika kwamba mota imeungua umemtapeli mwenye feni bila kujua.

Taa za LED na chaja ni hivyohivyo. Taa ya wati 9 ikivuta ampea 0.07 kwa 240 inakupa 16.8. Isitoshe klampu ya bei ya chini inapima vibaya ampea za vitu hivi. Tumia mita ya plagi inayosoma wati moja kwa moja.

## Hatua ya 7: Majibu uyatumie

Tokeni. Wati ÷ 1000 × saa ndo yuniti. Birika la wati 1836 kwa dakika 5 ni 1.836 × 5 ÷ 60 = yuniti 0.15.

Fyuzi ya plagi. Pasi ya wati 1000, 1000 ÷ 240 = ampea 4.2, fyuzi ya 5 inatosha. Birika 8.3, tia ya 13. Kipande cha waya au karatasi ya sigara badala ya fyuzi hakikubaliki, hesabu yote uliyofanya inakuwa bure.

Ekstensheni. Chukua kibanda cha chai na viazi karai, birika la wati 2000 na kikaangio cha stima cha wati 1500 kwenye ekstensheni moja. Jumla 3500 ÷ 240 = ampea 14.6. Soketi ni ya 13. Na fyuzi ya 13 haikatiki papo hapo ikifika 14, itavumilia kwa muda mrefu huku plagi inapikika, kwa hiyo usiseme "mbona haijakatika". Kimoja kihamishie soketi nyingine, na ekstensheni ikunjue yote, ikiwa imeviringwa joto halina pa kutokea.

Hita ya kuoga. Wati 5400 ÷ 240 = ampea 22.5. Hii haina biashara na plagi ya ukutani wala waya wa 2.5 unaogawana na soketi nyingine. Inataka laini yake kutoka meni swichi, breka yake na waya mnene, na kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni.

## Mita ikikukatalia

Inaonyesha alama ya kutoa mbele ya namba: umegeuza waya mwekundu na mweusi kwenye DC, hesabu ni ileile, toa hiyo alama.

Inaonyesha 1 peke yake upande wa kushoto, au OL: kipimo ni kikubwa kuliko ulichochagua, panda juu. Kwenye omu ikibaki hivyo hadi mwisho basi koili imekatika.

Klampu inasoma sufuri na birika linachemka: umeshika waya mbili, au umeiweka kwenye DC.

Ampea zinacheza hazitulii kwenye betri: mguso mbaya, mara nyingi kwenye holda ya balbu. Ikwaruze na msasa, funga upya, na uanze tena kutoka hatua ya tatu kwa ukurasa mpya wa daftari ili usichanganye namba za zamani na mpya.